Dawa ya Kutuliza Inapomgeuka Mgonjwa wa Meno: Mwongozo kwa Mwenye Hofu na Msindikizaji Wake

Wako watu wazima, wenye kazi na familia zao, ambao wakisikia tu mlio wa mashine ya kuchonga jino hutokwa na jasho viganjani, na wako wanaoishi na jino bovu kwa miaka kwa sababu ya kuogopa sindano. Kwa ajili yao daktari wa kinywa na meno anaweza kutumia dawa ya kutuliza, ambayo humlegeza mtu akawa kati ya kuwa macho na kusinzia, huku akiendelea kupumua mwenyewe na kuitika anapoitwa, tofauti na nusukaputi ambayo humlaza kabisa. Wengi hutulia, hutibiwa na kurudi nyumbani bila tatizo. Mwongozo huu unawahusu wale ambao mambo huenda kombo: aliyetarajiwa kutulia akapandwa na ghadhabu, aliyetarajiwa kusinzia akalia kwa kwikwi asijue analilia nini, au aliyetarajiwa kulegea kidogo akazama usingizini hata pumzi yake ikawa haba. Nimefanya kazi ya uuguzi kando ya kiti cha meno kwa muda wa kutosha kujua kwamba sehemu kubwa ya matukio haya hukingwa au hukuzwa na yale yanayosemwa, au yanayofichwa, kabla dawa haijaingia mwilini.

Hatua ya kwanza: jua unapewa dawa gani na kwa njia gani

Uliza waziwazi, kwa kuwa kila njia ina tabia yake. Gesi ya naitrasi oksaidi, ambayo wengi huiita gesi ya kuchekesha, huvutwa kwa pua ikiwa imechanganywa na oksijeni, mara nyingi kwa kiwango cha asilimia 30 hadi 50, na nguvu yake huisha ndani ya dakika chache baada ya kufungwa. Kwa hiyo, mgonjwa akivurugika, dawa yenyewe inaweza kuondolewa upesi. Kidonge au dawa ya maji, kama vile diazepamu au midazolamu, ikishamezwa hairudishwi, na kasi ya kufyonzwa kwake hutofautiana baina ya mtu na mtu. Mmoja hulegea baada ya dakika 20, mwingine huanza kulegea wakati matibabu yamekwisha. Midazolamu ya mshipani hutolewa kidogo kidogo, miligramu moja au chini yake kwa mara moja, kisha daktari husubiri aone imefanya nini kabla ya kuongeza, na mzee hupewa kiasi kidogo zaidi. Ukiona mtu anataka kukupa dozi yote kwa mkupuo mmoja, una haki ya kuuliza sababu.

Jambo hili la mgonjwa kutenda tofauti na matarajio lina umri sawa na dawa zenyewe. Horace Wells, daktari wa meno wa mji wa Hartford nchini Marekani, aling'olewa jino lake mwenyewe chini ya gesi hiyo mwezi Desemba 1844, na mwezi uliofuata akaenda Boston kuionyesha mbele ya watu. Mgonjwa wake akapiga yowe wakati jino linatoka, na waliohudhuria wakamzomea Wells kuwa ni mlaghai, ingawa baadaye mgonjwa huyo alieleza kwamba hakuhisi maumivu kama walivyodhani. Ninaikumbuka habari hiyo kila ninapomsikia mgonjwa aliyetulizwa akilia. Sauti yake inapaswa kuchunguzwa, lakini haitoshi peke yake kutuambia anahisi nini.

Hatua ya pili: sema kila kitu kabla ya kuketi kwenye kiti

Hapa ndipo ninapokuomba uwe mwangalifu kuliko mahali pengine popote. Midazolamu huvunjwavunjwa na ini kwa kutumia kimeng'enya ambacho dawa nyingi za kawaida hukigusa. Mtu anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zenye ritonaviri ndani yake, kama wengi walio kwenye dawa za mstari wa pili, yaani zinazotolewa zile za kwanza zisipofaa, anaweza kukaa na midazolamu mwilini kwa muda mrefu na kwa kiwango kikubwa sana, hasa akiimeza, na kiasi kinachomlegeza mwenzake kikamlaza yeye hadi akaacha kupumua vizuri. Klarithromaisini, erithromaisini na dawa za fangasi kama ketokonazoli hufanya vivyo hivyo, na juisi ya balungi pia huiongezea nguvu midazolamu inayomezwa. Kwa upande mwingine, anayetibiwa kifua kikuu kwa rifampisini, au anayetumia karbamazepini au fenitoini kwa ajili ya kifafa, huivunja midazolamu haraka mno, hata ikaonekana kana kwamba hakupewa kitu. Asiyejua sababu hushawishika kuongeza dozi juu ya dozi.

Najua kwamba si kila mtu anataka kutaja dawa zake mbele ya shemeji au jirani aliyemsindikiza. Omba kuonana na daktari au muuguzi faraghani. Ombi hilo ni la kawaida na halihitaji maelezo. Ukishindwa kuyasema, onyesha vifungashio vya dawa.

Taja pia pombe, bangi na mirungi, na utaje kiasi cha kweli. Mtu aliyezoea pombe kwa wingi huhitaji dawa nyingi zaidi ili atulie, na ni miongoni mwa wale wanaoelekea zaidi kupatwa na mwitikio wa kinyume nitakaoueleza hapa chini. Anayemeza dawa za usingizi kila usiku, au tramadoli kwa maumivu, aseme. Vilevile taja kama unakoroma sana na kukatika pumzi usingizini, kama una selimundu, kwa maana upungufu wa oksijeni unaweza kukuamshia maumivu makali, kama una mimba au huenda unayo, kama una kisukari, na kama umewahi kutibiwa ugonjwa wa akili. Mwenye mafua yaliyoziba pua hawezi kutumia gesi ipasavyo, na ni heri apangiwe siku nyingine.

Swali moja husahauliwa mara nyingi: je, wewe au mtoto wako mliwahi kupewa dawa ya kutuliza, au hata Piriton ya mafua, na badala ya kusinzia mkachangamka kupita kiasi? Jibu la ndiyo halimaanishi kwamba litatokea tena kwa hakika, ila linambadilishia daktari mpango mzima.

Hatua ya tatu: jiandae siku yenyewe

Fuata masharti ya kutokula uliyopewa na kliniki. Kwa dawa ya mshipani au ya kumeza, kanuni inayotumika mahali pengi ni saa 6 bila chakula na saa 2 bila maji. Mwenye kisukari asifunge kwa kubahatisha, bali apangiwe kuwa wa kwanza asubuhi na aelekezwe kuhusu dawa zake, kwa kuwa sukari ikishuka humfanya mtu ahangaike, atetemeke na kuwa mkali, na dalili hizo zinafanana mno na zile tunazozizungumzia.

Usijipe dawa yoyote ya kutuliza nyumbani ili "kusaidia". Wazazi wenye nia njema humpa mtoto Piriton au nusu ya kidonge cha Valium (yaani diazepamu) cha bibi kabla ya kutoka, kisha hawasemi. Dawa hiyo ikikutana na ya kliniki, hakuna anayeweza kukadiria matokeo.

Nenda chooni kabla ya kuketi. Ondoa rangi ya kucha, na kama umepaka piko nyeusi kwenye kucha na ncha za vidole vya mikono, mwambie muuguzi mapema ili atafute kidole kingine au cha mguuni, kwa kuwa kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni hutumia mwanga na rangi nzito inaweza kukidanganya. Njoo na mtu mzima mwenye utulivu, atakayekaa mpaka mwisho na kukufikisha nyumbani.

Hatua ya nne: utambue mwitikio wa kinyume

Kwa dawa za jamii ya diazepamu na midazolamu, wako wagonjwa wachache, kwa watu wazima chini ya mmoja katika kila mia, ambao badala ya kutulia hutaharuki. Kwa watoto na wazee huonekana zaidi. Mara nyingi huanza dakika chache baada ya dawa ya mshipani: mgonjwa huanza kupayuka, kulia bila kufarijika, kurusha mikono na miguu, kujaribu kung'oa kanula (kimrija kilichowekwa mshipani), kutukana watu ambao kwa kawaida anawaheshimu, au kushikilia kwamba anataka kuondoka sasa hivi. Macho yako wazi lakini maneno hayamfikii. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba dawa imeulegeza ule uwezo wa ubongo wa kujizuia kabla haijailegeza hofu yenyewe, na hofu ikabaki bila breki.

Msindikizaji, naomba ulielewe jambo hili kabla halijatokea. Huyo unayemwona si mkaidi, hana pepo, wala hajafichua tabia yake ya siri. Akiamka, pengine hatakumbuka lolote, kwa sababu dawa hizi hufuta kumbukumbu ya muda zilipokuwa zikifanya kazi. Mtoto asichapwe wala kutishwa, na mtu mzima asichekwe wala kurekodiwa kwa simu.

Dawa hizi, pamoja na gesi, zinaweza pia kuleta ndoto zenye sura ya kweli, zikiwemo za kushikwashikwa mwili, na mgonjwa akaziamini baada ya kuzinduka. Kwa ajili hiyo daktari hapaswi kamwe kubaki peke yake chumbani na mgonjwa aliyetulizwa. Kuwepo kwa mtu wa pili humlinda mgonjwa dhidi ya uovu wa kweli, na humlinda daktari dhidi ya kumbukumbu isiyo ya kweli. Ukiona kliniki haina mtu wa pili, usikubali dawa hiyo.

Hatua ya tano: linalopaswa kufanyika fujo ikianza

Kwanza, matibabu yasimame na kila kifaa chenye ncha kitoke mdomoni. Pamba na vipande vya jino vitolewe pia, kwa sababu mtu anayepiga kelele huvuta pumzi kwa nguvu na kitu kidogo huweza kuingia kwenye njia ya hewa.

Pili, na hapa ndipo makosa mengi hufanyika, dawa zaidi ya kutuliza isiongezwe kwa kudhani kwamba haijatosha. Kwanza oksijeni iangaliwe. Ubongo uliokosa hewa huhangaika kabla haujazima, na mgonjwa mwenye upungufu wa oksijeni anaweza kupigana kwa namna ileile ya mgonjwa mwenye mwitikio wa kinyume. Ukimwongezea dawa, unamzimia kabisa pumzi iliyobaki. Kwa hiyo muuguzi aangalie kifua kinavyopanda, asikilize hewa inavyopita, asome kipimo cha kidoleni, na ampe mgonjwa oksijeni.

Tatu, sababu nyingine zitafutwe moja baada ya nyingine: je, ganzi imeshika au anaumia kweli, je, kibofu kimejaa, je, sukari imeshuka, je, ganzi imepita kiasi? Hilo la mwisho linahitaji hesabu. Kwa mtoto, kiwango cha juu cha lidokeini, dawa ya ganzi, kinachofuatwa na wengi ni miligramu 4.4 kwa kila kilo, na kichupa cha mililita 1.8 cha asilimia 2 kina miligramu 36. Mtoto wa kilo 15 anafika kikomo chake kabla ya vichupa viwili kuisha. Ganzi ikizidi humfanya mtu ahangaike kabla ya kumtia degedege, na dawa ya kutuliza huficha dalili zake za mwanzo, kama vile ulimi kuwasha na masikio kuvuma.

Nilipokuwa mgeni katika kazi hii, mzee mmoja aliyekuwa aking'olewa magego mawili alianza kusukuma mkono wa daktari na kunung'unika maneno yasiyoeleweka. Aliongezewa dawa mara mbili. Alipozinduka baada ya muda mrefu kuliko tulivyotaka, nguo yake ilikuwa imelowa, na tukaelewa kwamba alikuwa akiomba kwenda haja ndogo. Hakudhurika, Mungu alimhifadhi, lakini tangu siku hiyo huwauliza wazee wangu habari ya choo bila kuona haya.

Nne, mtu mmoja tu azungumze na mgonjwa, kwa sauti ya chini na maneno mafupi: "Mama, uko salama, tumeacha, pumua." Watu wanne wakipaza sauti kwa pamoja humwongezea hofu. Ashikwe kwa kiasi cha kumzuia asianguke wala kujiumiza, asibanwe kifua wala kulaliwa. Msindikizaji anaweza kuitwa ikiwa sauti yake humtuliza, na aondoke ikiwa yeye mwenyewe analia. Kama ni gesi, ifungwe na mgonjwa apewe oksijeni tupu kwa dakika 5.

Tano, ikiwa chanzo ni midazolamu na hali haitulii, ipo dawa ya kuikata nguvu, iitwayo flumazenili, ambayo daktari huitoa mshipani kwa kuanzia miligramu 0.2 polepole na kuongeza kidogo kidogo kila baada ya dakika moja, kwa kawaida bila kuvuka miligramu 1. Wengi hutulia haraka. Hata hivyo, haifai kutumiwa kijuujuu kwa mwenye kifafa au anayemeza dawa za jamii ya midazolamu na diazepamu kila siku, kwa kuwa inaweza kumletea degedege. Pia haidumu: nguvu yake hupungua baada ya saa moja hivi, ilhali midazolamu inaweza kuwa bado ipo, na mgonjwa akasinzia upya akiwa ndani ya gari. Aliyepewa flumazenili aangaliwe kliniki kwa saa 2 walau, hata kama anasema yuko sawa na ana haraka.

Kabla ya siku ya matibabu, uliza kliniki kama ina dawa hiyo, oksijeni, mfuko wa kusaidia kupumua na kipimo cha kidoleni. Swali hilo si la dharau, na daktari makini atalijibu kwa furaha.

Hatua ya sita: mambo mengine yasiyotarajiwa

Usingizi mzito kupita kiasi ndio unaoua, ingawa hauna kelele. Mgonjwa asiyeitika anapoitwa jina na kuguswa bega, anayekoroma ghafla, au ambaye kifua chake kinapanda bila hewa kusikika, ainuliwe kidevu mara moja, apewe oksijeni na asaidiwe kupumua, kisha ndipo flumazenili ifuate.

Kuzirai kwa hofu hutokea hata kabla ya dawa. Uso hupauka, jasho jembamba hutoka, mtu husema haoni vizuri. Kiti kilazwe na miguu iinuliwe, na mwenye mimba kubwa alazwe kwa ubavu wa kushoto. Moyo kwenda mbio kwa dakika chache baada ya sindano ya ganzi mara nyingi ni kazi ya adrenalini iliyomo ndani yake, na hauitwi mzio. Mzio wa kweli huja na vipele vya kuwasha, uso au ulimi kuvimba, kifua kubana na presha kushuka, na dawa yake ya kwanza ni adrenalini ya msuli wa paja, miligramu 0.5 kwa mtu mzima, bila kusubiri.

Hatua ya saba: nyumbani, saa 24 za mwanzo

Usipande bodaboda. Mtu aliyetulizwa huonekana mzima anapozungumza, lakini misuli na uamuzi wake bado vimelegea, na kulala ghafla nyuma ya pikipiki ni ajali iliyokwisha kupangwa. Tafuteni gari, na mtoto anayesinzia akalishwe karibu na mtu anayemtazama yeye tu, kichwa kisiinamie kifuani, kwa maana shingo iliyokunjika huziba njia ya hewa. Usiendeshe gari, usipike kwenye moto mkubwa, usisaini hati, usinywe pombe, na usibaki na mtoto mchanga peke yako hadi siku ya pili. Maelekezo ya daktari yaandikwe na akabidhiwe msindikizaji, kwa kuwa mgonjwa aliyeyasikia na kuyaitikia anaweza asiyakumbuke hata moja.

Mtoto anaweza kuwa mkali na mwenye kulialia kwa saa chache, na hilo likipungua polepole si la kutisha. Rudini hospitali bila kungoja asubuhi ikiwa haamshiki, midomo inabadilika rangi, anatapika mfululizo, pumzi ni ya shida, au fujo iliyokuwa imetulia inarudi kwa nguvu.

Hatua ya nane: andika kilichotokea, kisha panga upya

Kabla ya kuondoka, omba karatasi yenye jina la dawa, kiasi, njia iliyotumika, saa ilipotolewa, kilichoonekana, na kilichofanyika hadi mgonjwa akatulia. Hakikisha hawajaandika "mzio" pale ambapo palikuwa na mwitikio wa kinyume. Kosa hilo la neno moja linaweza kumnyima mgonjwa dawa anayoihitaji siku ya dharura, au kumfanya daktari mwingine apuuze hatari halisi. Tukio hilo linapaswa pia kuripotiwa: Tanzania kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na Kenya kwa Bodi ya Dawa na Sumu, na mgonjwa mwenyewe anaruhusiwa kuripoti.

Jino bado litahitaji kutibiwa. Aliyevurugwa na midazolamu anaweza kujaribu gesi, au kupangiwa nusukaputi katika hospitali yenye mtaalamu wa usingizi, au, kwa kazi ndogo, kutibiwa kwa ganzi peke yake katika miadi mifupi, daktari akimwonyesha kila kifaa kabla ya kukitumia na wakikubaliana kwamba mkono wa kushoto ukiinuliwa kazi inasimama. Mkubaliane kuhusu ishara hiyo mapema, na siku ya kwanza iwe ya kuosha meno tu.